Mfalme Aliyeweka Taji Rehani

Mwaka 1282 Alfonso X, mfalme wa Castilla katika Hispania ya leo, alikuwa mgonjwa na hazina yake ilikuwa tupu. Akampelekea taji lake sultani wa Moroko, Abu Yusuf Yaqub, liwe rehani ya mkopo. Fedha hizo alizitaka ili apigane na Sancho, mwanawe wa kumzaa.

Sultani huyo huyo ndiye aliyevusha majeshi baharini mwaka 1275 na kuivamia Castilla. Fernando, kifungua mimba wa Alfonso, aliugua na kufa njiani akienda kumkabili. Baba hakuwepo. Alikuwa Beaucaire, kusini mwa Ufaransa, akimsihi Papa Gregory X amtambue kuwa kaizari wa Dola Takatifu la Kirumi. Baadhi ya wakuu wa Ujerumani walikuwa wamemchagua mwaka 1257, huku wengine wakimchagua Richard wa Cornwall. Kwa karibu miaka 20 watu wa Castilla walikamuliwa kodi kwa ajili ya kiti ambacho Papa alimtaka akiache.

Kifo cha Fernando kilizaa ugomvi wa mirathi. Mila ya zamani ilimpa haki Sancho, mtoto wa pili. Lakini Siete Partidas, kitabu kikubwa cha sheria kilichotungwa kwa amri ya Alfonso mwenyewe, kiliwapa haki watoto wa Fernando. Mfalme akayumba, leo huku, kesho kule, mpaka baraza lililokutana Valladolid mwaka 1282 likamvua madaraka na kumwachia jina tu la ufalme. Sitamtetea sana: mwaka 1277 aliamuru nduguye Fadrique auawe bila hukumu. Kwa mtu wa sheria, doa hilo halifutiki.

Hata hivyo anastahili kukumbukwa, na sababu yake ni lugha.

Kabla yake, wafasiri wa mji wa Toledo walikuwa na utaratibu wao. Mmoja husoma kitabu cha Kiarabu na kukieleza kwa mdomo katika lugha ya mtaani, mwingine hukiandika kwa Kilatini. Lugha ya watu ilikuwa kama ngazi: ukishapanda, huna haja nayo. Alfonso aliamua maneno yale ya mdomoni ndiyo yaandikwe. Sheria, historia na elimu ya nyota vikaandikwa kwa Kikastilia, na mfalme mwenyewe alikuwa akipitia kazi na kuondoa maneno ya ziada. Wayahudi wawili, Yehuda ben Moshe na Isaac ibn Sid, walimtengenezea majedwali ya mwendo wa sayari. Majedwali hayo yalitumika Ulaya kwa zaidi ya miaka 200, na mwanafalaki Copernicus alikuwa na nakala yake.

Kitabu ninachokipenda zaidi ni kile cha michezo, kilichokamilika Sevilla mwaka 1283, wakati mji huo ulikuwa miongoni mwa michache iliyobaki upande wake. Kina mafumbo zaidi ya 100 ya sataranji, na Wahispania huuita mchezo huo ajedrez. Maneno hayo mawili ni ndugu, yote yametoka katika Kiarabu. Michoro yake inaonyesha Waislamu, Wakristo na Wayahudi, wanaume kwa wanawake, wameinamia ubao. Nje ya kurasa hizo hawakuishi kwa amani namna hiyo. Mwaka 1264 Waislamu wa Murcia na Andalusia waliasi utawala wake, na wengi walifukuzwa makwao.

Alfonso alifia Sevilla tarehe 4 Aprili 1284. Wosia wake ulimnyima Sancho urithi, lakini Sancho akatawazwa. Siete Partidas ilikaa miaka 64 zaidi kabla ya kupewa rasmi nguvu ya sheria. Aliyeipa nguvu hiyo, mwaka 1348, ni Alfonso XI, mjukuu wa Sancho.