Miyombo Huchipua Kabla ya Mvua: Kenwood, Mtoni na Matogoro

Mwezi wa Oktoba, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka Songea, milima ya Matogoro hubadilika rangi. Miyombo iliyopukutika wakati wa kiangazi huanza kuvaa majani machanga, mengine ya rangi ya shaba, mengine ya damu ya mzee. Jua la jioni likiyapiga, mtu aliye mjini akiinua macho huuona mlima kama kaa la moto. Miti hiyo haingoji mvua. Huchipua kwa maji iliyoyaweka shinani na kwa yale ambayo mizizi yake huyafuata chini kabisa, yaani kwa mvua ya mwaka uliopita. Wiki chache baadaye wekundu hupoa na kijani hukolea, ndipo mvua yenyewe inapoingia mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili.

Hayo ndiyo majira yetu ya kuchipua. Shuleni tulifundishwa masika na kiangazi tu, lakini kila mwenye shamba huku anakijua kipindi hiki kilicho katikati. Mashamba ya mahindi yanasafishwa, masuku yanaanza kuiva porini, na watoto walio Dar es Salaam wanapiga simu kuuliza kama mbolea imefika. Desemba wengi wao hurudi nyumbani. Jioni, watu wakiisha kushiba, wazee huanza kuhesabu ukoo.

Mwaka mmoja niliketi na shangazi yangu uani, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwomba anitajie wazee wetu mmoja baada ya mwingine, nikiwa na daftari magotini. Alitaja wanaume watano bila kusita: huyu kamzaa huyu, huyu alihamia kule, huyu alizikwa pale. Nikamwuliza, "Na mama zao, Shangazi?" Mkono wake ukasimama juu ya maharage. "Wale wa zamani walikuwa watu wa kutekwa, mwanangu. Nani angewatia kwenye hesabu?" Kisha akaendelea kuchambua.

Swali hilo halikunitoka. Tangu siku hiyo, kila nisomapo habari za nyumba kubwa ya ukoo fulani, iwe ya Ulaya au ya pwani yetu, hutafuta kwanza mama asiyetajwa. Nimempata mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na kila mahali amehifadhiwa kwa njia yake. Nataka kuzilinganisha nyumba tatu: Kenwood ya London, Mtoni ya Unguja, na miji ya Wangoni chini ya Matogoro.

Tuanze mbali. Kenwood imesimama Hampstead, kaskazini mwa London, mahali ambapo katika karne ya 18 palikuwa bado shamba. Ni nyumba nyeupe yenye nguzo mbele, nyasi zikishuka taratibu hadi kwenye bwawa. Nyakati za Aprili na Mei vichaka vya rododendroni hujaa maua, na watu humiminika kutembea kwa sababu nyumba sasa ni ya umma. Edward Guinness, tajiri wa pombe, aliinunua mwaka 1925, na alipofariki mwaka 1927 akaiachia taifa pamoja na picha zake. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa watu wote.

Mwenye nyumba anayekumbukwa zaidi ni Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Uingereza, ambaye mwaka 1772 aliamua katika kesi ya James Somerset kwamba bwana hana haki ya kumtoa mtumwa Uingereza kwa nguvu. Katika nyumba ya jaji huyo alilelewa msichana aliyeitwa Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761. Baba yake alikuwa mpwa wa Mansfield, nahodha John Lindsay. Mama yake alikuwa mwanamke Mwafrika aliyetiwa utumwani, jina lake Maria Belle.

Dido alivaa hariri, alijua kusoma na kuandika, na alimwandikia Mansfield barua zake. Alisimamia pia ng'ombe wa maziwa na kuku wa nyumba. Lakini wageni walipofika, hakukaa nao mezani. Mgeni mmoja aliyekula hapo mwaka 1779 aliandika katika shajara yake kwamba Dido aliingia chakula kilipokwisha, akaketi na wanawake wakati wa kahawa. Nafasi yake katika ukoo ilipimwa kwa saa: baada ya nyama, pamoja na kahawa.

Ipo picha yake maarufu, iliyochorwa na David Martin, ambayo leo inatunzwa katika kasri la Scone huko Uskoti. Dido yupo na binamu yake Elizabeth Murray bustanini. Elizabeth ameketi na kitabu. Dido amesimama, amebeba matunda, anatabasamu, kidole kimoja shavuni. Orodha ya mali ya mwaka 1904 ilimtaja Elizabeth kwa heshima zake zote, na Dido ikamwandika kuwa mtumishi mweusi tu, bila jina. Zaidi ya miaka mia moja baada ya uchoraji, ukoo ulikuwa umeuning'iniza ukutani uso wa ndugu yao na kusahau kwamba ni ndugu. Kilichomrudisha ni karatasi, yaani wosia wa Mansfield uliothibitisha uhuru wa Dido, vitabu vya hesabu vya nyumba, na shajara ile ya mgeni.

Twende Unguja. Kaskazini kidogo mwa mji, ufukweni, yapo magofu ya Bet il Mtoni, kasri la shamba la Seyyid Said, mtawala aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Ndani zaidi kisiwani, Kizimbani, ndipo mikarafuu ilipopata nguvu. Seyyid Said aliwaagiza wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na katika maisha yake Unguja ikawa jina la karafuu duniani. Majira ya huko hujulikana kwa harufu. Tumba likiwa changa, kabla halijafunguka kuwa ua, huchumwa kwa mkono, huchambuliwa kutoka kwenye makonyo yake, kisha huanikwa juu ya majamvi mpaka lipate rangi ya kahawia. Mkarafuu ukiachwa uchanue, mavuno yamepotea. Huo ni utamaduni wa shamba usiolisubiri ua.

Mtoni ina bahati ambayo nyumba nyingi za ukoo hazina: binti yake aliandika. Sayyida Salme alizaliwa hapo mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Anaieleza Mtoni kwa macho ya mtoto, na humo mna ua mkubwa ulio na tausi na mbuni, mabafu yaliyojaa watu, na baraza la kuelekea baharini ambako baba yake alitembea peke yake akiwa na mawazo. Ukisoma kwa haraka utaona bustani ya raha.

Lakini Salme hakumficha mama yake. Anasema waziwazi kwamba Jilfidan alikuwa Mcherkesi kutoka Kaukasi, mtoto wa mkulima, na kwamba wavamizi waliwaua wazazi wake, wakamchukua yeye na nduguze, kila mmoja kwa njia yake. Alifika katika nyumba ya Seyyid Said angali mtoto mdogo. Kwa hiyo binti wa mtawala alikuwa pia binti wa mateka, na alilijua hilo tangu utotoni. Hapa Mtoni inaizidi Kenwood kwa kitu kikubwa, maana Maria Belle alikumbukwa na karatasi za wengine, ilhali Jilfidan alikumbukwa na mwanawe mwenyewe, kwa sauti ya mapenzi.

Hata hivyo kitabu cha Salme kina mpaka wake. Watumwa waliochuma karafuu Kizimbani hawakupata binti wa kuwaandikia. Salme mwenyewe, akiwa Ulaya, aliutetea utumwa wa nyumbani kwao kwa maneno ambayo leo yanatuumiza kuyasoma. Aliiona huzuni ya mama mmoja kwa ukaribu kabisa, na ukaribu huo haukumfundisha kuwaona mama wengine. Ni somo gumu kwetu sote tunaoandika juu ya familia zetu.

Sasa turudi Matogoro, chimbuko la mto Ruvuma. Wangoni hawakujenga kasri la mawe. Walifika wakiwa watu wa safari. Kundi la Zwangendaba lilitoka kusini mwa Afrika, likavuka Zambezi mwaka 1835, likapanda hadi Ufipa, na baada ya kifo chake likagawanyika. Waliokuja huku waliongozwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete, na katika nusu ya pili ya karne hiyo zikasimama himaya mbili: Njelu ya akina Gama na Mshope ya akina Tawete. Chini yao walikuwapo manduna kama Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake. Nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Mji ulipohama, kuta zilirudi ardhini. Kilichohama na watu ni jina la ukoo: nani ni Gama, nani Tawete, nani Mbano.

Hesabu hiyo ya majina ndiyo kasri la Mngoni. Ina vyumba, ina milango, na ina mahali pa kukaa kila mtu. Wageni wa kutoka kusini walikuwa wachache. Waliowakuta na waliowateka, Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengine, ndio waliofanya wingi wa watu. Hao waliitwa masutu, na kwa muda mrefu Mngoni wa asili na msutu hawakuhesabiwa sawa hata wakiishi mji mmoja. Vijana waliotekwa waliingizwa jeshini. Wanawake waliotekwa wakawa wake, wakazaa watoto waliobeba majina ya baba zao.

Hapa ndipo Ungoni inapoonyesha hazina ambayo Kenwood na Mtoni hazina. Kingoni kinachozungumzwa Songea leo hakikai pamoja na Kizulu. Wanaisimu hukiweka karibu na Kimatengo na Kindendeule. Maneno ya watawala yalibaki machache, kama vile nkosi na nduna. Lugha ya jikoni na shambani, ya kubembeleza mtoto na kumkanya, ilitoka kwa waliotekwa. Baba alitoa jina, mama akatoa lugha, na katika vizazi viwili au vitatu lugha ya mama ikawameza washindi wenyewe. Shangazi aliponiambia kwamba mama zetu hawakutiwa kwenye hesabu, Kingoni alichotumia kuzungumza na jirani yake aliyepita njiani kilikuwa chao.

Kwa hiyo tukizipanga nyumba hizi tatu pamoja, tunaona kila moja imetunza kwa chombo chake. Kenwood ilitunza kwa karatasi na rangi, ndiyo maana jina la Maria Belle liliweza kurudi. Mtoni ilitunza kwa mapenzi ya binti, ndiyo maana tunaijua asili ya Jilfidan na huzuni yake. Ungoni ilitunza kwa ulimi, ndiyo maana tunao mama wote kwa pamoja, na hatuna jina la hata mmoja. Siwezi kusema kwamba chombo kimoja ni bora. Karatasi humwokoa mtu mmoja mmoja na kuwaacha maelfu. Ulimi huokoa maelfu na kumpoteza kila mmoja.

Siku ya kuwakumbuka mashujaa wa vita vya Maji Maji mjini Songea inatufundisha jambo lingine. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo makumi ya viongozi wa Wangoni, na kila mwaka watu hukusanyika katika Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka. Miongoni mwa wanaokumbukwa yumo mwanamke, Mkomanile wa Kitanda, aliyekuwa na mamlaka na aliyeipokea dawa ya maji katika nchi yake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha na kukutana na kizazi cha Songea Mbano. Hayo yote ni ya lazima. Lakini mnara huwakumbuka waliouawa na adui kutoka nje. Waliotekwa na babu zetu wenyewe hawana mnara, na hakuna Serikali inayoweza kutusaidia kuwakumbuka. Hiyo ni kazi ya kila familia, jioni, uani, na mzee ambaye bado yupo.

Nasema hivi bila kuwadharau wazee wetu. Walipigana, walihama, walijenga, na sisi ni matunda yao. Namwomba tu anayehesabu ukoo wake mwaka huu, awe Mngoni wa Songea au Mswahili wa Unguja, asiishie kwenye safu ya baba. Aulize kila jina lilizaliwa na nani. Akijibiwa kwamba hakumbukwi mtu, auachie mstari wake nafasi kwenye daftari, kwa sababu mstari mtupu ulioandaliwa humkumbusha mjukuu kwamba palikuwa na mtu. Elizabeth Murray alikuwa na mtu pembeni yake miaka yote ile ukutani, akingoja mtazamaji atakayeuliza.

Asubuhi ya pili shangazi alinijia na masuku mkononi, mengine yamepasuka kwa kuiva. Alikuwa amelala na swali langu. "Yule wa kwanza kabisa," akasema, "mama wa mzee wetu wa pili. Nimemkumbuka kidogo. Bibi alikuwa anasema alitoka ng'ambo ya mto Luegu, na kwamba kila miyombo ilipokuwa myekundu alikuwa anatazama upande ule." Jina lake hakulijua. Tukala masuku, nikafungua daftari, na kando ya jina la mzee wa pili nikaandika: mama yake, wa ng'ambo ya Luegu. Baada ya maneno hayo nikaacha nafasi ya kutosha jina moja.