Mstaafu au aliyejiuzulu?

Kwenye meza za magazeti za Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, wengi husoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama, kisha hao wanakwenda zao. Kwa msomaji huyo, sifa inayotangulia jina la mwanasiasa ndiyo habari yenyewe.

Tutazame "mstaafu". Kustaafu ni kumaliza utumishi kwa kutimiza umri au muda. Kujiuzulu ni kuachia cheo kabla ya wakati. Frederick Sumaye alimaliza miaka 10 ya uwaziri mkuu mwaka 2005. Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2015 wote wawili walipohamia upinzani, Lowassa aliandikwa huku "waziri mkuu mstaafu", kule "aliyejiuzulu". La kwanza linafunika Richmond. La pili ni kweli tupu, lakini likirudiwa katika kila habari, hata ya mkutano wa kampeni, linageuka kuwa shtaka.

Lipo neno lisiloegemea upande: "wa zamani". Habari ikihusu Richmond, kujiuzulu kutajwe bila kumung'unya maneno. Ikihusu jambo jingine, "waziri mkuu wa zamani" yatosha. Mhariri ajiulize swali moja tu: mwanasiasa huyu angehamia chama kingine kesho, ningemwandika vivyo hivyo? Akisita kujibu, basi sifa hiyo ni ya chama, si ya mtu.