Msaada wa Sheria Ng'ambo ya Kisiwa

Msaada wa kisheria katika Mombasa bara ni kazi ya mashirika ya hiari yanayowashauri, kuwafunza na kuwatetea mahakamani wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wasiomudu ada ya wakili. Kongwe kati yake ni Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973 kisha kikafungua afisi Mombasa. Shirika la MUHURI lilizaliwa papa hapa mwaka 1997, mwaka ule wa machafuko ya Likoni. Baadaye likaja Haki Africa, na upande wa Changamwe na Jomvu kituo cha mazingira kijulikanacho kwa kifupi kama CJGEA.

Kwa maandishi, sheria haina choyo. Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea haki za msingi, zake au za wenzake, bila kutozwa ada ya kufungua shauri hilo. Mshtakiwa hupewa wakili kwa gharama ya serikali endapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda idara ya taifa ya kazi hiyo na kuwatambua wasaidizi wa kisheria, yaani raia waliofunzwa sheria ya kutosha kumwongoza jirani ingawa si mawakili. Tatizo huanza pale mwananchi anapojaribu kuitumia sheria hiyo.

Chukua kukamatwa. Polisi hutakiwa kumfikisha mshukiwa mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, hungojewa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo kijana aliyezolewa kwenye msako Kisauni Ijumaa jioni huweza kulala seli hadi Jumatatu bila Katiba kuvunjwa. Msaidizi wa kisheria aliye karibu hufanya mambo madogo yenye uzito: huhakikisha jina limeingizwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo, huitafuta familia, na humweleza mtuhumiwa kwamba ana haki ya kunyamaza.

Kisha inakuja dhamana, na hapa ndipo Pwani inapotofautiana na sehemu nyingi za Kenya. Mdhamini huulizwa hati ya shamba au kadi ya gari. Mombasa, hata hivyo, ina mtindo wa zamani wa nyumba bila ardhi: mtu hujenga na kumiliki kuta na paa, ilhali kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi. Wengine ni maskwota tu. Katika shamba la Waitiki, Likoni, lenye ekari 930 hivi, maelfu ya watu waliishi bila hati tangu 1997, hadi serikali iliponunua ardhi hiyo na kuanza kutoa hatimiliki mnamo Januari 2016. Mama mwenye nyumba ya vyumba sita asiye na hati ya kiwanja hana la kuweka mbele ya hakimu. Mwanawe hubaki rumande kwa sababu ya historia ya ardhi, wala si kwa uzito wa kosa. Miongozo ya dhamana ya Idara ya Mahakama ya mwaka 2015 inataka masharti yazingatie hali ya mshtakiwa, lakini lazima awepo mtu wa kumweleza hakimu hali hiyo.

Rumande yenyewe mara nyingi ni Shimo la Tewa, kando ya hori la Mtwapa, jirani na Mahakama ya Shanzu. Kituo cha Sheria kimewafunza wafungwa na askari jela humo kuwa wasaidizi wa kisheria. Mfungwa aliyefunzwa humwandikia mwenzake rufaa, humweleza maana ya kukiri kosa, humwandaa kumhoji shahidi. Kwa maoni yangu, hakuna mpango uliotumia pesa kidogo ukafika mbali kama huu: mwalimu na mwanafunzi wamelala chumba kimoja, na hakuna anayemwogopa mwenzake.

Si kila shauri linahitaji korti. Katiba yenyewe inahimiza usuluhishi, na ugomvi wa mpaka au wa kodi ya nyumba humalizwa vizuri na wazee wa mtaa. Hatari ni pale kesi ya mtoto aliyenajisiwa inapofungwa sebuleni kwa fedha kati ya familia mbili. Hilo si suluhu, na msaidizi wa kisheria anayelikataa huweza kuchukiwa na mtaa mzima.

Mashirika yenyewe yamewahi kuhitaji mahakama. Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi la Garissa, serikali iliyaorodhesha MUHURI na Haki Africa miongoni mwa waliotuhumiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa iliyaondolea tuhuma hiyo na kuamuru akaunti zifunguliwe.

Kesi kubwa kuliko zote ni ya Owino Uhuru, kijiji cha Mikindani chenye wakazi wapatao 3,000. Kuanzia 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ameathirika, akaacha kazi na kuanzisha CJGEA mwaka 2009. Kiwanda kilifungwa 2014. Shauri lilifunguliwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru pia udongo usafishwe. Mahakama ya Rufaa iliifuta fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Miongoni mwa walioshindwa katika kesi hiyo zimo wizara za serikali, na nchini Kenya mali ya serikali haikamatwi ikapigwa mnada. Anayeidai wizara huchukua cheti cha deni mahakamani, akakipeleka kwa ofisa mhusika. Asipolipwa, hurudi kortini kuomba amri ya kumshurutisha ofisa huyo alipe. Kila hatua kati ya hizo inahitaji wakili.