Hisani ya Kampuni na Haki ya Mkulima: Pamba na Jamii katika Eneo la Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012, lakini swali la nani aijenge jamii ya wakulima wa pamba katika eneo hilo ni la zamani zaidi. Miongoni mwa Wasukuma, vikundi vya vijana vilivyoongozwa na basumba batale vililima mashamba ya majirani. Kujitolea huko hakukuwa sadaka, bali wajibu wa ujirani.

Mwaka 1955 ulianzishwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, ulioongozwa na Paul Bomani. Ziada yake ilikuwa mali ya wanachama. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na ingawa vilirejeshwa baadaye, soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Mwaka huohuo Remei, kampuni ya Uswisi, ilianza mradi wa pamba ya kilimo hai wilayani Meatu. Mwaka 1997 Remei na Coop, kampuni nyingine ya Uswisi, zilianzisha wakfu wa bioRe, ambao umegharimia visima vya maji na majiko yasiyo na moshi.

Faida ya kisima haina ubishi. Hata hivyo, mwanachama wa ushirika aliweza kuhoji matumizi ya ziada katika mkutano mkuu, ilhali mpokeaji wa hisani hutarajiwa kushukuru. Kwa hiyo, insha hii inashikilia kwamba hisani ya kampuni ipimwe si kwa idadi ya visima pekee, bali pia kwa nafasi anayopewa mkulima kuamua kisima kichimbwe wapi.