Dhamiri Haikungoja Kanisa

Je, jamii yaweza kuwa na maadili bila dini? Historia ya Pwani yetu yatufundisha kujibu kwa unyenyekevu.

Kabla wamisionari Walutheri hawajafika Kisarawe mwishoni mwa karne ya 19, Wazaramo wa Soga na vijiji jirani waliwafunza vijana wao heshima na wajibu katika jando na unyago. Mtume Paulo akiri jambo hili katika Warumi 2: wasio na torati nao wana sheria mioyoni.

Na wenye dini je? Kusini mwa pwani hiihii, mwaka 1776, Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Mmoja alitoka nchi ya Kikristo, mwingine alikuwa Mwislamu, bei waliafikiana. Hata hivyo, imani iliwasukuma Wakristo wengine kuipinga biashara hiyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa mahali pake.

Basi dhamiri haikungoja Kanisa, wala jina la dini halikuzuia dhambi. Kazi ya imani ni kuiamsha dhamiri pale faida inapoibembeleza ilale. Ndugu msomaji, leo tunabariki biashara gani kwa kunyamaza?