Kutoka Kilwa Hadi Kivu: Historia Fupi ya Bwawa la Nyumbani



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, kila likizo ya kiangazi ikifika watoto wetu wa Rusizi huwa na ombi moja: maji. Wale wa Kamembe wanaliona Ziwa Kivu kila wakitoka nje. Wale wa Bugarama, huko bondeni kwenye mashamba ya mpunga, wanayatamani maji kwa sababu ya joto. Siku hizi wapo wanaoomba bwawa la plastiki la uani, lile la kujazwa upepo kwa pampu au la kusimamishwa kwa vyuma, ambalo halihitaji kuchimbiwa shimo.

Wazazi wengine hujibu haraka kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Je, ni kweli? Leo, inshaallah, tuipitie historia ya bwawa la nyumbani, tuone limetoka wapi, kisha tujiulize lina faida gani kwa familia iliyo kando ya ziwa.

KISIMA CHA MADINA

Tuanze na mtoto mmoja yatima. Mwanahistoria Ibn Saad, aliyefariki mwaka 845, anasimulia kwamba Bi Amina alimchukua mwanawe Muhammad (s.a.w.) akiwa na umri wa miaka sita, wakaenda Yathrib kuwatembelea wajomba wa babu yake, Banu Najjar. Walikaa huko kama mwezi mmoja. Wakati wa kurudi Bi Amina alifariki njiani, mahali panapoitwa Abwa. Miaka mingi baadaye, baada ya Hijra, Mtume (s.a.w.) alipoiona nyumba ile aliikumbuka. Kati ya aliyoyataja ni kuwa hapo, katika kisima cha Banu Adiy bin Najjar, ndipo alipojifunza vizuri kuogelea.

Fikirini hayo, wazazi wenzangu. Mtoto wa Makka, mji mkavu usio na mto wala ziwa, alijifunza kuogelea akiwa safarini na mama yake, katika kisima cha jamaa zake. Na kumbukumbu hiyo ilidumu hadi utu uzima.

Sayyidna Umar (r.a.) naye ananasibishwa na usia mashuhuri wa kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Kwa hiyo kuogelea si jambo geni katika malezi yetu.

BIRIKA LA KILWA

Kujenga mahali pa kuogea pamoja ni jambo la zamani sana. Huko Mohenjo-daro, katika nchi inayoitwa Pakistan leo, kuna birika kubwa la matofali lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tuje kwenye pwani yetu.

Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, kuna magofu ya jumba la Husuni Kubwa. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na wataalamu wanalihusisha na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331 na akamsifu kwa ukarimu. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya 100, limekaa juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake kuna birika la kuogelea lenye pembe nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Miaka karibu 700 iliyopita, nyumba ya Mswahili Mwislamu ilikuwa na bwawa lake! Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Unguja nayo ina historia yake. Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan alijenga mabafu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe Shehrzad, aliyetoka Uajemi, na kuta zikapambwa kwa nakshi za Kiajemi. Binti yake Sayyid Said, Bibi Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikachapishwa mwaka 1886. Humo anaeleza ua mkubwa wa Mtoni uliojaa watoto, paa na tausi, na mabafu makubwa yaliyotumiwa na watu wa nyumba ile. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga mabafu ya watu wote mjini, na mtaa huo unaitwa Hamamni hadi leo.

Tuseme ukweli wote, maana historia haifichwi. Majumba hayo ya Unguja yalisimama juu ya utajiri wa karafuu, na karafuu zililimwa na watumwa. Mtoto wa mfalme alicheza ndani ya maji, na mtoto wa mtumwa akayateka na kuyabeba. Kwa karne nyingi bwawa la nyumbani lilikuwa la wenye nguvu tu.

PLASTIKI NA UBAGUZI

Kilichobadilisha mambo ni kiwanda. Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Waldo Semon alipata njia ya kulainisha plastiki iitwayo PVC, ambayo awali ilikuwa ngumu na rahisi kuvunjika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia za Marekani zilipohamia kwa wingi pembezoni mwa miji, kwenye nyumba zenye ua, mabwawa ya kusimamisha juu ya ardhi yakaanza kuuzwa kama bidhaa nyingine za nyumbani. Lile ambalo zamani lilitaka mafundi wa mawe na chokaa, sasa baba na watoto wake wanaweza kuliunganisha asubuhi moja.

Lakini hata huko maji hayakuwa ya wote. Watu weusi walizuiwa katika mabwawa mengi ya Marekani. Tarehe 18 Juni 1964, mjini St. Augustine, Florida, vijana weusi na weupe waliingia pamoja katika bwawa la hoteli moja kupinga ubaguzi, na meneja wa hoteli akamimina tindikali ndani ya maji. Picha za tukio hilo zilienea duniani, na siku chache baadaye, Julai 2, sheria ya haki za kiraia ilitiwa saini.

Matokeo yake yapo mpaka leo. Watoto weusi wa Marekani huzama mabwawani kwa kiwango kikubwa kuliko watoto weupe. Babu alizuiwa kuingia majini, kwa hiyo hakujifunza. Baba akakua na hofu, naye akamkataza mtoto. Na ajabu ni kuwa wasafiri wa Kizungu wa karne ya 16 na 17 waliofika pwani ya Afrika Magharibi waliandika kwa mshangao jinsi Waafrika walivyokuwa hodari wa kuogelea na kupiga mbizi. Ujuzi wa maji hurithiwa, na hofu ya maji hurithiwa vilevile. Vizazi viwili au vitatu vinatosha kuupoteza.

SISI WA RUSIZI

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili na Uislamu viliingia Rwanda kwa njia ya wafanyabiashara, wapagazi na askari waliofuatana na Wajerumani, baada ya von Götzen kulifikia Ziwa Kivu mwaka 1894. Msikiti wa Nyamirambo, Kigali, ulijengwa mwaka 1913. Huku kwetu Cyangugu, ambako tangu mageuzi ya mwaka 2006 ni wilaya ya Rusizi, Kiswahili kilipata nguvu ya pekee kwa sababu ya ujirani: Bukavu iko ng'ambo tu ya mto, na Bugarama inapakana na Kongo na Burundi. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya Rwanda.

Wale wazee wetu waliotoka pwani walikuwa watu wa maji. Je, sisi wajukuu tumebaki na nini cha ujuzi huo? Ni wazazi wangapi Kamembe wanaoweza kuogelea mita 20?

Swali hilo si la mchezo. Ziwa Kivu liko kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika karibu mita 480. Ni ziwa la bonde la ufa, na sehemu nyingi kingo zake hazishuki polepole kama ufukwe wa bahari: mtoto anapiga hatua mbili tatu, na ya nne haipati chini. Watu huzungumza sana kuhusu gesi ya methani iliyoyeyuka katika maji ya kilindini. Lakini gesi hiyo iko mbali chini, na hatari ya kila siku kwa mtoto anayecheza ukingoni ni kina cha maji yenyewe.

Tena ziwa ni barabara yetu. Ndugu zetu wa kisiwa cha Nkombo huvuka kwa mitumbwi na boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, upande wa Kongo, meli ya Merdi iliyojaa abiria ilipinduka karibu na Goma watu wakiiona kutoka bandarini, na makumi ya watu walipoteza maisha. Allah awarehemu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kukumbusha hatari hii.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kumkataza mtoto ziwa hakutoshi, maana ipo siku atalifikia bila wewe. Bwawa dogo la uani linakuwa darasa la kwanza: kuingiza uso majini, kupuliza mapovu, kuelea chali, kutulia. Anayejua kuelea na kutulia huwa amepata dakika chache za kusubiri msaada.

HESABU YA MAJI

Wapo watakaosema huu ni ufujaji. Hoja yao ina uzito. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa vibaba vinne au vitano. Basi tupige hesabu. Bwawa la duara lenye upana wa mita 3 na maji ya sentimita 60 linachukua lita kama 4,200, yaani majerikani 210 ya lita 20. Uzito wake unazidi tani 4, na katika milima yetu, kuliweka juu ya mteremko ni kutafuta balaa. Lakini bwawa la watoto la upana wa mita moja na nusu na kina cha sentimita 30 linataka lita 530 tu, majerikani 27.

Na mvua ya Rusizi ni neema. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya karibu lita 1,000. Tangi likijaa masika, maji yapo kiangazi. Watoto wakimaliza kucheza, maji yasiyotiwa dawa yamwagiwe migomba na mboga. Kwa njia hiyo hakuna israfu.

MASHARTI YA FURAHA

Kwanza, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, na simu aiweke kando. Mtoto huzama kimya, wala hapigi kelele kama watu wanavyodhani, na maji ya sentimita chache yanamtosha mdogo. Pili, bwawa dogo limwagwe na kupinduliwa kila jioni. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na Bugarama malaria tunaijua. Tatu, mlango wa ua ufungwe, maana mtoto wa jirani naye ni amana.

Nne, tusiwasahau mabinti. Birika la Kidichi lilijengwa kwa ajili ya mwanamke, ndani ya kuta zenye sitara. Rugo lililozungushwa vizuri linatupa sitara hiyohiyo bila nakshi za Kiajemi. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha wasichana na wanawake wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamejisitiri, na baadhi yao wakawa walimu wa wenzao. Mwaka 2004 Bi Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia mzaliwa wa Lebanoni, alibuni vazi la kuogelea linalofunika mwili. Sitara na kuogelea vinaweza kwenda pamoja, na mauti ya maji hayachagui mvulana wala msichana.

Likizo ijayo, kabla ya kununua chochote, kaa na watoto uwasimulie habari za kisima cha Madina na birika la Kilwa. Kisha beseni kubwa lijazwe maji, na baba na mama wakunje nguo waingie pia. Ikiwa mzazi hajui kuogelea, ajifunze pamoja na mwanawe. Hakuna aibu katika elimu.

Allah atuhifadhie watoto wetu, nchi kavu na majini.

Wabillahi tawfiq.