Mashine Zenye Ngozi: Ndege za Kubuni, Ndege za Kweli na Anga la Natta

Miongoni mwa vitu vya kuchezea vya karne ya 20 ambavyo watu wazima wamevikusanya kwa bidii na kwa gharama, midoli ya meka ya Kijapani ina nafasi yake ya pekee. Meka ni maroboti makubwa ya katuni za Kijapani, ziitwazo anime, ambayo kwa kawaida hayajiendeshi yenyewe bali huendeshwa na binadamu aliyeketi ndani, kama rubani anavyoendesha ndege. Undugu huo na ndege ni wa tangu mwanzo, kwani katika Mazinger Z, katuni ya Go Nagai iliyoanza kurushwa mwaka 1972, shujaa huiamsha mashine yake kwa kutua na chombo kidogo kirukacho juu ya kichwa chake. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ilitoa sanamu ya Mazinger Z ya madini yaliyomiminwa kwenye kalibu, nzito mkononi kuliko plastiki ya kawaida, na tangu hapo mdoli wa katuni ukawa pia chombo cha kupimwa, kulinganishwa na kubishaniwa.

Ubishi huo ulipata chakula cha kutosha mwaka 1982, pale katuni ya Macross ilipomleta mbele ya watazamaji Shoji Kawamori, mbunifu ambaye hakuchora roboti kisha akalibandika mabawa, bali alianza na ndege iliyokuwepo. Ndege yenyewe ni F-14 ya jeshi la majini la Marekani, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1970, yenye mabawa yanayoweza kusogezwa nyuma wakati wa mwendo mkali. Kutokana nayo Kawamori alibuni VF-1 Valkyrie, yenye urefu wa mita 14.23, ambayo ikiwa ndege haionyeshi kirahisi kwamba imeficha kiwiliwili cha mtu: injini mbili ndiyo miguu, matundu ya kutolea moto ndiyo nyayo, mikono imelazwa katikati ya injini hizo, na kichwa kimening'inia chini ya tumbo la ndege. Mdoli wa kampuni ya Takatoku, uliopunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 55, ulifanya mageuzi hayo yote kwa bawaba na vishikizo, bila kung'oa kiungo chochote kikuu. Na kampuni hiyo ilipofilisika mwaka 1984, kalibu zake zilichukuliwa na Bandai, huku mdoli uleule ukiuzwa Marekani kwa jina la Jetfire. Hata alama ya fuvu na mifupa miwili kwenye mkia wa ndege ya kiongozi wa kikosi iliigwa kutoka kikosi halisi cha F-14, kile cha VF-84. Kwa mkusanyaji, alama hiyo si pambo tu, kwani miili miwili iliyotoka kalibu moja huwa ndege mbili tofauti kwa sababu ya rangi na maandishi yake.

Katuni hizo hazikuwafikia watoto wa Natta, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, wakati wenzao wa kwingineko walipokuwa wakizitazama, na sababu yake ni ya kisiasa kuliko ya umbali. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Waswahili waliokuwa wamehamia Oman na nchi nyingine za Ghuba walikuwa na bahati tofauti, kwa kuwa huko roboti Grendizer, naye kazi ya Go Nagai, alisema Kiarabu kwa sauti zilizorekodiwa Lebanon, na akawa shujaa wa kizazi kizima. Kizazi hichohicho huku Natta kilikuwa na vyombo vya ajabu vya aina nyingine, navyo vilikuwa vya kweli.

Mfano wa kwanza wa mashine ya kujigeuza katika historia ya Afrika Mashariki ni chombo ambacho hakikufika. Novemba 1917 Wajerumani walituma kutoka Jamboli, Bulgaria, meli ya anga L 59, aina ya Zeppelin, yaani chombo kirefu kama mtumbwi kinachoelea kwa gesi nyepesi, ili kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tani zipatazo 15 za risasi na dawa. Kwa kuwa gesi ya kuirudisha isingepatikana, meli hiyo ya mita 226.5 ilipangwa ikifika ivunjwevunjwe na kugeuzwa vitu vingine: kitambaa cha nje kiwe mahema, vitambaa vya ndani viwe bendeji, fremu ya aloi iwe mlingoti wa redio, na ngozi ya njia za kupitia wahudumu ishonwe viatu. Ilifika karibu na Khartoum, ikaamriwa kurudi, na ikatua Jamboli ikiwa imesafiri kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kusimama. Hakuna mbunifu wa Tokyo aliyewahi kuipa mashine yake mageuzi mengi kiasi hicho, ingawa ya Kawamori yana sifa moja ambayo ya L 59 hayakuwa nayo, nayo ni kwamba yanarudi yalikotoka.

Baada ya vita hivyo, anga la Ziwa Viktoria lilizoeleka upesi. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari za barua kutoka London hadi Mwanza, na sehemu ya mwisho ya njia hiyo ilihudumiwa na ndege zinazotua majini. Miaka miwili baadaye Martin na Osa Johnson, wapiga filamu wa Kimarekani, walizunguka Kenya na Tanganyika kwa ndege mbili za Sikorsky zilizoweza kutua majini na nchi kavu, moja ikiwa imepakwa mabaka ya twiga na nyingine milia ya pundamilia. Ilikuwa ni biashara ya sinema, na huenda hakuna haja ya kuitafutia falsafa. Hata hivyo, ndipo desturi ya kuivisha mashine ngozi ya mnyama ilipoingia katika anga la Serengeti.

Desturi hiyo ilipata sura yake mashuhuri zaidi Januari 1958, wakati Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walipofika Serengeti na ndege yao ya Dornier Do 27, yenye milia myeusi na myeupe na herufi za usajili D-ENTE. Do 27 ni ndege ndogo ya injini moja, bawa lake likiwa juu ya chumba cha abiria, hivyo anayetazama chini hazibwi na kitu, na uwezo wake wa kuruka na kutua katika uwanda mfupi ulifaa sana mahali pasipo na viwanja. Kazi yao ilikuwa kuhesabu wanyama kabla ya mabadiliko ya mipaka ya hifadhi yaliyokuwa yamependekezwa: waliigawa nchi vipande, wakaipita kwa mistari sambamba, na kila aliyeketi dirishani akahesabu upande wake. Hesabu yao ilitoa wanyama wakubwa 366,980, wakiwemo nyumbu 99,481. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa peke yake ndani ya ndege, aligongana na tumbusi. Bawa lilipinda, nyaya za usukani zikakwama, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Filamu yao, iliyotoka mwaka huohuo, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kwa njia hiyo ndege iliyovunjika ikaendelea kuruka katika sinema na katika mawazo ya mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuliona bonde la mto Grumeti.

Kwa Wanatta na jirani zao Waikoma, Waisenye na Wangoreme, ambao uwindaji ulikuwa nguzo ya maisha yao sambamba na kilimo na ufugaji, ndege ya kuhesabu ilikuwa na maana nyingine. Nyumbu waliohesabiwa ndio hao wanaopita ukanda wa magharibi kati ya Mei na Julai, na ramani iliyochorwa kutoka angani ilikuwa hoja mezani mwa watawala, ilhali ujuzi wa mwindaji kuhusu njia hizohizo haukuandikwa popote. Sensa za angani ziliendelea kwa kupiga picha: ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya 200,000, na kufikia mwaka 1977 walikaribia milioni 1.3, hasa kwa sababu sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiwaua ndama, ulitoweka baada ya ng'ombe kuchanjwa, na kwa kiasi kidogo kwa sababu mbinu za kuhesabu ziliboreka. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yalitangazwa, na baadaye Natta Mbiso ikawa miongoni mwa vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Si rahisi kuieleza mipaka hiyo bila kuitaja ndege, na ni kasoro ya maandishi mengi ya wapenzi wa D-ENTE kwamba huishia kwenye milia yake.

Ndege za kivita, zile ambazo meka huzaliwa kutokana nazo, zilikaribia eneo hili mara chache. Iliyo mashuhuri zaidi ni Tu-22 ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza Machi 1979, katika vita vya Kagera. Silaha zake ziliangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama kadhaa wa hifadhi, jambo ambalo mtunzi wa katuni angeogopa kuliandika asije akaambiwa anatia chumvi.

Mkusanyaji anayependa kuweka vyombo vya kweli na vya kubuni kwenye rafu moja angekutana na hesabu za kuchekesha. Kwa kipimo cha 1 kwa 72, Do 27 ya mita 9.6 inakuwa na sentimita 13, Valkyrie inakaribia 20, na L 59 inazidi mita tatu, hivyo ingelazimika kuwekewa ukuta wake. Ndege ya mtoto wa kijijini haina kipimo cha aina hiyo. Hutengenezwa kwa mabua ya mtama au mahindi: ganda gumu la bua hubanduliwa na kuchongwa vijiti vyembamba, kisha vijiti hivyo hutumika kama misumari ya kuunganisha vipande vya moyo wa bua, ambao ni laini na mwepesi; jani na mwiba huongezwa mbele kuwa pangaboi. Siku hizi minadani huuzwa pia maroboti ya plastiki yanayogeuka gari au ndege, nakala za nakala za midoli ya Kijapani, ambayo bawaba zake hukatika mapema. Lakini ndege inayoonekana kila siku ikielekea kiwanja cha Sasakwa au Seronera ni Cessna Caravan ya watalii, yenye bawa juu ya mwili na magurudumu yasiyokunjwa kama ilivyokuwa Do 27, na mtoto wa Natta anayetaka kuiga anachokiona huanza kwa kuliweka bua la bawa juu.